Ngoma ya Musombwa

Kindu, 3 Februari 1896

Kwa Adolphine, mwalimu wa watoto, misheni ya mapadre, ziwani Tanganyika

Mwanangu,

Hunijui, wala mwandiko huu hujapata kuuona. Tarehe hapo juu nimepewa na Anaclet, kwa kuwa mimi bado nahesabu miezi kwa mwandamo. Naitwa Zuberi bin Hamisi. Nilizaliwa Mrima, huko pwani, nikasomeshwa chuo cha Kurani mpaka nikawa mwandishi, na yapata miaka ishirini na minne iliyopita nilikuja Manyema na msafara wa tajiri mmoja aliyetaka pembe za ndovu na mtu wa kumwandikia barua. Tajiri yule amekufa. Vita vya Wazungu na Waarabu vimepita juu yetu, na mimi nimesalia hapa Kindu, katika kibanda nyuma ya nyumba za Waungwana, wale watu wa bunduki wa Waarabu. Miguu imevimba, pumzi ni fupi.

Anaclet, aliyelelewa kwenye misheni yenu, sasa ni seremala wa boma. Alikuja kunitengenezea mlango, na huyu si mtu wa kufanya kazi kimya. Akiwa na randa mkononi akaniambia: "Kule ziwani tuko na mwalimu mumoja mukali, Adolphine. Kwao njo njia ya kwenda Kama. Zamani jina yake ilikuwa Wabiwa, binti ya Musombwa." Nilimwomba arudie mara tatu. Alidhani masikio yangu yamekufa.

Wabiwa, mimi ni ndugu ya baba yako. Tulichanjana. Mwaka wa tatu wa kukaa kwangu Manyema tuliketi uso kwa uso juu ya ngozi moja, tukakatwa kifuani. Damu yake ilipakwa kwenye ini la kuku nikalila mimi, na yangu akaila yeye. Mzee aliyesimamia alituapisha kwamba atakayemficha mwenzake hatari, damu ile imtafune tumboni. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa nyumbani kwenu. Ulikuwa ukinipanda mgongoni na kunivuta kilemba. Nilijua kwamba mmekufa wote. Miaka kumi na mitano nimeishi nikijua hivyo.

Nataka uelewe pia kwa nini namwendea Yesu nikiwa nimezeeka hivi. Dini ya wazazi wangu haina kosa. Niliyoyatenda sikufundishwa nayo. Lakini Anaclet alinisimulia habari za mtu aliyemkana rafiki yake penye moto, mbele ya watumishi, na baadaye rafiki yule hakumuuliza kwa nini alimkana. Alimuuliza tu kama anampenda. Habari hiyo haijaniacha. Halima, mjane jirani yangu anayenipikia sombe ya majani ya muhogo, hanipi nafasi. "Mzee wewe, meno yamekwisha, miguu imekwisha, umebakiwa na dini tu, nayo unataka kuibadilisha?" Kisha ananijazia sahani.

Nina jambo zito linaloninyima kupumzika, na kabla sijalitaja nahitaji kujua kwako. Unakumbuka nini juu ya siku ile mlipokamatwa? Na baba yako, unamwombea?

Zuberi bin Hamisi


Misheni, ziwani, 19 Aprili 1896

Baba Zuberi,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Kilemba nakikumbuka. Uso siukumbuki. Nakuita Baba kwa kuwa kwetu ndugu wa damu wa baba ni baba, na kwa kuwa ni miaka mingi sijapata mtu wa kumwita hivyo.

Umeuliza nakumbuka nini. Nitayaandika yote mara moja, sipendi kuyarudia. Watu wa bunduki walipokaribia, baba alitupeleka msituni, wanawake na watoto. Alimwambia mama: "Musitoke mpaka munisikie mimi." Tulikaa siku kumi na moja tukila uyoga na mizizi. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, ngoma ya gogo ikalia kutoka kijijini. Kwanza ilitaja jina la baba, lile la ngomani ambalo kila mtu wa kwetu analijua: Anayesimama mlangoni mvua ikinyesha. Kisha ikasema vita vimepita, soko limerudi, tokeni. Mama alicheka. Kicheko kile sijakisahau. Tulitoka tukikimbia, sisi watoto mbele. Waungwana walikuwa wamelala kwenye majani pande zote mbili za njia.

Baba sikumwona. Nilisikia bunduki ikilia upande wa kijiji, basi.

Ndugu yangu mdogo alikufa wiki ya pili ya safari, na mama kabla hatujaliona ziwa. Kabla hajafa aliniambia: "Baba yako alituita yeye mwenyewe. Usimtaje tena." Nimemtii. Mimi mapadre walininunua sokoni, kando ya ziwa, wakanikomboa. Hapa misheni, kila mwaka siku ya kuwaombea marehemu, kila mtu humpa padre majina ya wafu wake. Mimi hutoa la mama na la mdogo wangu. La baba sijalitoa hata mara moja. Padre ameniambia nisamehe, nami nimesamehe kwa mdomo. Lakini ninapowafundisha watoto sala ya Baba Yetu, neno la kwanza tu silitamki. Wao huliimba, mimi nachezesha midomo.

Basi nijibu, wewe uliyekula damu yake. Alipewa nini? Au alilazimishwa? Nimeishi na swali hili miaka mingi kuliko nilivyoishi naye. Hata jibu likiwa baya, liandike.

Na ubatizo usiuogope. Hapa kuna wazee kuliko wewe waliobatizwa wakibebwa kwa machela.

Binti yako,
Adolphine Wabiwa


Kindu, 28 Juni 1896

Mwanangu Adolphine,

Nimechelewa kwa sababu ya homa. Nakujibu uliloniuliza.

Baba yako alilazimishwa. Walimkamata, wakamfunga kamba shingoni, wakamwekea bunduki kisogoni na kumwambia apige. Alipiga huku akilia. Baada ya hapo walimuua. Mimi sikuwepo; nilikuwa mbali, Kasongo, pamoja na tajiri wangu, na habari hizi nilisimuliwa na walioona. Kwa hiyo usimchukie. Hapana mtu ambaye angefanya vinginevyo na bunduki kisogoni.

Sina nguvu ya kuandika zaidi. Niombee.

Zuberi bin Hamisi


Misheni, ziwani, 8 Septemba 1896

Baba yangu mpenzi,

Mungu akulipe, maana mimi siwezi.

Niliposoma "alipiga huku akilia" nilitoka darasani nikawaacha watoto peke yao, jambo ambalo sijafanya tangu nianze kazi. Nilikwenda kanisani nikapiga magoti, nikamwambia Bwana: Nilimnyima baba yangu sala miaka yote hii, naye alikuwa na kamba shingoni. Nililia mpaka padre akatumwa kuja kunitazama. Siku iliyofuata nilimpa jina la baba ili alisomee misa bila kungoja Novemba. Katekista akauliza: "Musombwa huyu ni nani, mbona hatujapata kumsikia?" Nikamwambia: "Ni baba yangu. Amerudi." Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Sasa nalala. Hukuniambia ni mzigo gani ulio nao, lakini ninavyofikiri ni huu: kwamba ndugu yako aliuawa nawe hukuwepo. Baba, hilo si dhambi. Mwambie Anaclet asichelewe kukupa maji ya ubatizo, maana huko hamna padre.

Nina maombi mawili. La kwanza, niambie baba alizikwa wapi, na kama kuna mtu wa kwenda, asimamishe msalaba pale. La pili si ombi, ni habari. Nina mimba ya miezi mitano. Akizaliwa mtoto mwanamume, padre atampa jina la mtakatifu, lakini mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba nyumbani ataitwa Zuberi. Ni jina la mtu aliyenirudishia baba yangu.

Binti yako,
Adolphine


Kindu, 15 Novemba 1896

Adolphine,

Safari hii sikuiti mwanangu.

Usimpe mtoto jina langu. Kama umeshampa, mwondolee. Nimeandika hili mwanzo nikihofia kwamba pumzi yaweza kunikatikia kabla ya mwisho wa barua, na hili ndilo lisilopaswa kukosa.

Baba yako hakupiga ngoma. Niliipiga mimi.

Hapakuwa na kamba wala bunduki kisogoni mwa mtu yeyote. Sikuwa Kasongo. Nilikuwa kijijini kwenu, nimeketi kwenye kigoda cha baba yako mwenyewe, vijiti mikononi. Yeye ndiye aliyenifundisha gogo lile. Aliona nina sikio. Akinicheka alisema: "Wewe mwandishi, hata mti unataka uukalishe uandike barua!" Alinifundisha jina lake la ngomani, akalipiga polepole kama anavyofundishwa mtoto, kwa sababu nilikuwa ndugu na ndugu hafichwi jina.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Ghala ya tajiri ilikuwa imejaa pembe, na wa kuzibeba hakuna, maana vijiji vyote vya njia ya Kama vilikuwa vimekimbilia msituni. Tajiri alisema hataondoka Manyema mpaka pembe zote ziondoke, na asipoondoka yeye haondoki mtu. Mimi nilikuwa na mke Mrima, na binti niliyemwacha akinyonya. Ilikuwa miaka tisa. Nilitaka kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimeigeuzageuza nikitafuta nyingine kubwa zaidi, sijaipata.

Tulipokikuta kijiji kitupu, watu wetu walitaka kulichoma moto lile gogo. Tajiri hakuniuliza kitu, Adolphine. Nilimwambia mwenyewe. Nilimwambia: "Msilichome. Naweza kuwaita."

Nilipiga. Nilikuwa nikisikiliza kama nimepatia.

Baba yako alikuwa ng'ambo ya kijito pamoja na wanaume. Alisikia jina lake likipigwa na mkono usio wake, akajua. Alikuja mbio peke yake. Hakuja kijijini kupigana. Alikuwa akikimbia kuelekea kwenu, njia ya msituni, akipiga kelele: "Rudini! Si mimi! Rudini!" Nyinyi mlikuwa bado mbali, na mlikuwa mkicheka, ndiyo maana hamkumsikia. Alipopita kwenye uwanja akaniona. Alisimama. Angeweza kupita. Kama asingesimama, labda angewafikia. Alisema: "Ni wewe, ndugu?" Vijiti vilikuwa bado mikononi mwangu. Mtu mmoja wa msafara akampiga risasi pale pale aliposimama. Bunduki uliyoisikia ndiyo hiyo.

Mimi sikuinua hata mkono. Mpaka leo sijamjibu.

Kaburi hana. Tuliondoka siku ile ile. Mwezi uliofuata nilirudi peke yangu nikatafuta, nikakuta majani. Usimtume mtu na msalaba, hatajua pa kuusimamisha.

Na Mrima sikwenda. Msafara ulipopangwa niliona ni nani waliofungwa pamoja kwenye mnyororo, nikajifanya mgonjwa ili nisitembee nyuma yenu. Tajiri akaniacha. Kwa hiyo hata kile nilichowauzia sikukipata. Mke wangu nilisikia aliolewa. Binti yangu sijui.

Sasa ile barua ya Juni. Nilikuwa nimekusudia kukuambia kweli, nikakaa siku tatu na karatasi. Wewe uliandika "hata jibu likiwa baya, liandike". Lakini uliandika pia "Baba". Nikaona kwamba nikisema uongo mdogo, wewe utapata baba yako, mimi nitabaki na wewe, na Yesu atafumba jicho. Nikajiambia kwamba nakuhurumia. Barua yako ya shukrani iliponifikia nilikunjua nikasoma mpaka nilipofika kwenye mimba, nikamwomba Anaclet aniletee karatasi na wino.

Anaclet nimemweleza yote. Alichonga mti kwa muda mrefu, halafu akaniambia kama alivyofundishwa: "Muzee, maji inafuta yote, hata ile. Haina lazima umwambie Adolphine. Mungu hatauliza tena." Najua anasema kweli ya dini yake. Lakini ndilo linaloniogofya. Maji yakifuta, nani atamwambia Wabiwa kwamba baba yake hakumwita? Nipumzike mimi, naye Musombwa abaki amefungwa kamba niliyomfunga kwa wino? Umemsamehe mtu asiyekuwa na kosa. Ukamshukuru mwenye kosa. Nikifa na maji kichwani, na hali iko hivyo, sitakuwa nimepumzika. Nitakuwa nimejificha.

Kwa hiyo nimemwambia Anaclet asinibatize mpaka utakapojibu. Amekasirika. Halima naye amekasirika, ingawa kwa sababu nyingine. Anasema, "Uko katikati ya mto, mzee. Rudi au vuka, lakini hapo katikati utazama."

Nimesali kwa namna niliyofundishwa nikiwa mtoto, na kwa namna niliyofundishwa sasa. Sisikii kitu. Namwona tu mtu amesimama uwanjani.

Nilitaka kumalizia kwa kusema kwamba siombi msamaha. Huo ungekuwa uongo mwingine. Nauomba.

Zuberi bin Hamisi


Kindu, 5 Januari 1897

Dada Adolphine,

Ni mimi Anaclet naandika, muzee hajui. Mukono wangu njo wa seremala, utanisamehe.

Muzee Zuberi iko mubaya. Hakuli. Maji imejaa mu tumbo na mu miguu. Kila watu wa barua wanapofika kwenye boma ananiuliza, "Wametoka ziwani?" Nikisema hapana, anageuka anaangalia ukuta. Ananiambia: "Binti amejibu, Anaclet. Kunyamaza njo jibu." Mimi namwambia barua inaweza kupotea, bahasha inaweza kulowana, mupagazi anaweza kuugua njiani. Hasikii.

Nilichukua maji mara mbili nimubatize. Mara ya kwanza alisema, "Bado." Mara ya pili alinishika mukono, na hana nguvu, lakini alinishika. Dada, akikufa bila maji, nitasema nini kwa padre? Mimi sijui niko na haki gani ya kukuuliza kitu. Mimi pia nilinunuliwa sokoni, unajua. Ningekuwa mimi ndiye nimeandikiwa ile barua, sijui ningefanya nini. Lakini andika. Hata mustari mumoja.

Anaclet


Misheni, ziwani, 8 Machi 1897

Anaclet, ukimkuta hai msomee yote. Usiruke kitu kwa huruma.

Zuberi bin Hamisi,

Barua yako ilifika tarehe 12 Januari. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Ni mwanamume. Kwa wiki tatu nilikuwa nikimbembeleza kwa jina lako, na alikuwa ameanza kugeuza kichwa akilisikia, au mimi nilidhani hivyo. Sasa anaitwa Musombwa. Siku chache za kwanza nilikosea. Kila nilipokosea nilikuchukia upya.

Sikunyamaza kwa sababu barua imepotea. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ungoje. Nilitaka uwe msituni, usikilize.

Watu wanafikiri kwamba nimeumizwa na siku ile ya ngoma. Siku ile nilikuwa na miaka minane. Barua yako ya Juni niliipokea nikiwa mwanamke mzima, mwalimu, mke wa mtu. Mara ya kwanza ulichukua jina la baba yangu ukalipiga ili mimi nitoke. Mara ya pili ulilichukua tena, ukaliandika, nami nikatoka tena mbio, nikicheka kama mama. Ulijua njia ile ile inafanya kazi. Hilo ndilo sijui nilipeleke wapi.

Siwezi kukuita baba. Nilikwambia ndugu wa damu wa baba ni baba. Naliondoa neno hilo.

Nilimpelekea padre barua yako. Nilimuuliza: "Mtu huyu anangoja mimi niseme ndiyo, ndipo abatizwe. Nikisema hapana?" Akanijibu kwamba mlango ule si wangu, wala ufunguo sipewi, kwamba mtu anayekufa akiomba maji apewe, na Bwana hatamwuliza kwanza Adolphine. Nilikasirika. Niliondoka bila kuaga. Nilitaka aniulize kwanza. Nimelitumikia kanisa hili tangu utoto wangu, nimefundisha watoto mia mbili sala zake, na jambo hili moja la haki hataki kuniuliza? Kwa majuma mengi nilikwenda misa nikikaa nyuma kabisa, nikimtazama Bwana msalabani kama mtu anayemdai jirani.

Bado ninakaa nyuma. Lakini barua ya Anaclet imefika juzi, nami sitaki kuwa mtu anayemzuia mwingine kwa kunyamaza. Najua inavyokuwa kungoja sauti.

Basi sikia. Umesema ukweli. Umechelewa miaka kumi na mitano na miezi mitano zaidi, lakini umeusema, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyebaki wa kuusema. Baba yangu alikuwa akikimbia kuja kwetu. Alikuwa akituita turudi. Hilo nimelipokea. Mama alikufa asijue, nimemwambia katika sala.

Kuhusu msamaha: sina. Nimetafuta. Sitakuandikia kwamba ninao, maana baina yetu kuandikiana ya kufurahishana kumekwisha. Labda msamaha utakuja, labda nitakufa nikiutafuta. Usiungoje. Usifanye msamaha wangu kuwa mungu wako. Ukitaka kumwendea Yesu, nenda kama ulivyo, bila mimi. Nami nitaendelea kwenda kwake kwa njia yangu, bila wewe. Kama ni kweli anayoyasema, atajua la kufanya na sisi wawili. Mimi sijui.

Adolphine, binti Musombwa


Kindu, 17 Mei 1897

Dada Adolphine,

Barua yako ilifika tarehe 9, siku ya Mungu, saa ya muchana. Muzee alikuwa hai. Watu walikuwa wamekwisha kumulilia mara mbili.

Nilimusomea yote kama ulivyosema. Ile mahali ya mutoto nilitaka kuruka, akajua. Alisema, "Rudi. Umeruka." Nikarudi. Mahali ya ngoma mara mbili, alifunga macho, akasema, "Ndiyo. Mara mbili. Hesabu yake ni sawa." Halima alikuwa mulangoni anatwanga pilipili, akaacha. Akasema, "Huyu mwanamuke hana huruma." Muzee akamujibu, sauti njo kama ya muntu mwenye afya: "Nyamaza, Halima. Huyu ndiye muntu wa kwanza kuniambia kweli tangu Musombwa."

Akaniomba nisome tena pale unasema siwezi kukuita baba. Nikasoma. Akaniomba tena. Mara ya tatu machozi ilinizuia, basi alisema yeye mwenyewe, kwa kichwa, bila kukosa neno. Kisha aligeuka akaangalia ukuta. Mimi nilifikiri umemuua, dada, nakuambia kweli. Nilikukasirikia pale.

Nikamwambia: "Muzee, hakukusamehe." Akasema: "Nimesikia. Lakini ananijua. Miaka yote nilikuwa naomba, na aliyekuwa anaomba alikuwa muntu mwingine, muntu mwema aliyekuwa Kasongo. Nani angemujibu huyo? Lete maji, Anaclet."

Sikukuta maji safi mu nyumba, nikakimbia mutoni na kibuyu. Niliporudi Halima alikuwa amemwinua, amemwegemeza kwenye kifua chake. Nilishangaa, maana yeye hapendi jambo hili hata kidogo. Aliniambia tu, "Fanya haraka, muzito huyu." Nilimuuliza muzee maswali yote kama padre alinifundisha. Alijibu ndiyo, polepole. Kwa ile swali ya kumwamini Yesu, alisema, "Ndiyo. Sina kitu kingine." Sijui kama njo jibu inatakiwa. Niliikubali.

Mimi nilikuwa nimemuchagulia jina, Édouard. Jina nzuri, ya mutakatifu. Nikamwambia: "Sasa utaitwa Édouard, muzee, yule wa zamani amekwisha." Akatikisa kichwa. Nikamwambia desturi ya kanisa njo hiyo. Akakataa. Alikuwa amechoka sana, nilitega sikio karibu na mudomo wake.

Alisema: "Nibatize Zuberi. Mungu asije akadhani ni muntu mwingine."

Nikamumwangia maji kwa jina hilo. Aliishi mpaka alasiri ya siku ya pili, hakusema tena, alilala tu. Waungwana walisema si wao wa kumuzika. Tulimuzika sisi watatu, askari wawili wa boma na mimi, na jeneza nilichonga mwenyewe. Uniandikie kama nilikosea kwa ile jina.

Anaclet, seremala